Moshi wa Nyumba Thelathini na Mbili

Kwenye matanga ya Apendeki, mwezi uliopita, nilikaa nimeegemea ukuta pamoja na wanawake wengine wa mtaa wetu hapa Kasongo, miguu yangu mibovu nimeinyoosha mkekani, nikasikiliza watu wakimsimulia. Mtu akifa, habari zake huchukuliwa na wenye sauti kubwa. Walisema alikuwa na mkono mzuri wa kupika wali, na ni kweli. Walisema hakuwa na maneno na mtu, na ni kweli. Wakasema mume wake wa kwanza, Salumu, alizama shimoni Kalubanda pamoja na wenzake sita, zamani za Wabelgiji, siku maji yalipoingia. Hapo nikaanza kutazama kikombe changu cha chai. Mjukuu wake mmoja akanigeukia akaniuliza, bibi, wewe ulikuwa naye kule, si ndivyo ilivyokuwa? Nikasema ndivyo. Uongo huo nimeusema mara nyingi hata umeshakuwa laini mdomoni, lakini siku ile ulinikwama. Mimi na Apendeki tumeishi pamoja tangu nilipokuwa msichana wa miaka kumi na tisa, tumeazimana chumvi na kuuguzana, na katika miaka yote hiyo hakunilaumu kwa neno hata moja. Wala hakunisamehe. Mwaka ule aliniomba siku kumi, nikamnyima. Sasa hayupo, na aliyebaki wa kuaibika ni mimi peke yangu, kwa hiyo nitaeleza.

Ya kwetu nayaacha, hayana cha ajabu. Inatosha kusema kwamba niliolewa na Ramazani, mlinzi wa Kampuni, nikatolewa Kasongo kwa lori, tukapita Kabambare, tukaendelea siku nyingine nzima kwenye njia nyekundu ya vilima mpaka Kalubanda. Nilikuwa nimeambiwa ninakwenda kuishi kambini, kwa wachimba dhahabu, na kambi nilizozisikia mimi zilikuwa vurugu tupu: wanawake wakigombania maji, watoto, ngoma, walevi. Nikajiandaa kwa vurugu hiyo. Lori likaingia kati ya mistari minne ya nyumba nyeupe, nane kila mstari, zimepakwa chokaa na kuandikwa namba kwa lami, paa za nyasi zimekatwa sawasawa, uwanja umefagiwa hata jani halipo, na moshi unatoka polepole katika paa nyingi. Nikatengeneza kitambaa changu kichwani, nikangoja watu watoke kutupokea. Hakutoka mtu. Dereva alishusha magunia yetu bila kuzima injini. Nikamuuliza Ramazani wenye nyumba wako wapi, naye, mwanamume asiyependa maelezo, akatazama pembeni.

“Hakuna mutu,” akasema. “Sasa ni siye tu.”

Maelezo niliyapata kidogo kidogo. Mwezi mmoja kabla ya mimi kufika, maji ya kijito yalikuwa yamevunja ukuta wa shimo la chini na kuwafunika watu saba. Haikuwezekana kuwatoa. Wafanyakazi waliobaki wakahamishwa pamoja na wake zao kwenda kambi nyingine upande wa Salamabila. Lakini mzungu mkubwa wa kazi, ambaye watu walimwita Bwana Kikohozi kwa kuwa alikohoa kabla ya kila amri, aliamini mvua zikipita maji yatavutwa na kazi itarudi. Basi kambi itunzwe, akasema, kama vile watu wametoka jana. Amri zake zilikuwa tatu. Uwanja ufagiwe. Kipande cha reli kilichoning’inizwa mbele ya ofisi kigongwe alfajiri na adhuhuri kama zamani. Na kila nyumba ipigwe moshi kila baada ya siku moja, maana paa la nyasi lisilopata moshi huliwa na wadudu, mchwa wakapanda ukutani, na kabla ya mwaka kuisha nyumba imekaa chini. Asubuhi yangu ya kwanza nilimwona mume wangu akiigonga reli ile, amenyooka, amevaa koti la kazi. Sauti ilikwenda mpaka mlimani ikarudi. Kisha akasimama akitazama milango ya nyumba kama mtu anayesubiri wachelewaji. Niliogopa siku ile kuliko nilivyowahi kuogopa, na ilikuwa mchana mweupe.

Mtu wa tatu kambini alikuwa Apendeki. Alikuwa amenizidi miaka sita au saba, mwembamba, mweusi wa kung’aa, mzaliwa wa vijiji vya huko Kabambare, nikamwita yaya, yaani dada mkubwa, tangu siku ya kwanza. Mume wake alikuwa mmoja wa wale saba. Malori ya kuhamisha watu yalipokuja, Apendeki peke yake kati ya wajane alikataa kupanda: alikuwa ameshaingia eda, na mwenye eda hukaa katika nyumba ya mumewe miezi minne na siku kumi, hahami. Wazee wa Kiislamu walimuunga mkono, Bwana Kikohozi akakohoa, na kwa kuwa mwanamke mmoja asingeweza kupiga moshi nyumba thelathini na mbili, ikaonekana ni vyema wawepo wawili. Tukagawana. Yeye alichagua kwanza, mistari miwili ya juu iliyo karibu na mlima, mimi nikapewa miwili ya chini. Akaniambia kwa upole kwamba kila mmoja abaki kwenye mistari yake, kazi isije ikachanganyika. Nikaona ni utaratibu mzuri. Mimi napenda utaratibu, hilo mtaliona.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Unabeba kaa la moto katika kigae, unaingia nyumba ya kwanza, unaweka kuni mbichi juu ya kavu ili moshi uwe mzito, unafunga mlango, unakwenda ya pili. Kwa kuwa nilikuwa nimelelewa vizuri, au nilijidhani hivyo, sikuweza kusukuma mlango wa mtu bila kupiga hodi. Nilisimama mbele ya kila nyumba tupu nikasema hodi, nikangoja kidogo, nikaingia. Ramazani alinicheka. Apendeki aliponisikia mara ya kwanza alishtuka, akasimama na fagio mkononi, akafikiri, halafu akanijia.

“Ni adabu muzuri,” akaniambia. “Uendelee. Lakini upige kwa sauti, mudogo wangu, isikike mbali.”

Nikafurahi kusifiwa, nikawa napiga hodi kwa sauti ya kuita ng’ambo ya mto.

Nyumba zile nilizijua kuliko ninavyoijua hii ninayokaa. Chumba cha mbele na chumba cha nyuma, mafiga matatu, dirisha la ubao. Watu walikuwa wamepewa asubuhi moja tu ya kufungasha, wakaacha vitu. Namba nne kulikuwa na ndara moja ya mtoto na alama za makaa ukutani, mtu alikuwa anapima urefu wa mwanawe. Namba tisa mlango ulikuwa na alama za vidole vya mawese, vinne na gumba, mahali mama mwenye haraka alipousukuma kila siku akitoka kupika. Namba kumi na mbili kulikuwa na sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine, na sikuifunua hata siku moja. Nilianza kuwatambua. Nilimjua mvivu na msafi, nilijua nani alilala upande wa ukuta. Baada ya wiki chache, nikipiga hodi, nilikuwa najua ni nani ambaye angeitika, na kwa sauti gani, na ukimya wake ukawa unanikera kama ukimya wa mtu anayekusikia na hataki kujibu. Nilimweleza Ramazani. Akasema nisitazame sana, niwashe moto nitoke.

Adhuhuri, reli ikishagongwa, tulikula pamoja, mimi na Apendeki, barazani kwake namba ishirini na tano. Chakula cha Kampuni kilikuja kwa lori kila wiki mbili: unga wa muhogo, chumvi, mawese, samaki wakavu wa Lualaba, na kwangu mchele kidogo, kwa kuwa Ramazani alinibembeleza. Apendeki alisonga bugali kubwa, kubwa kupita watu wawili, na sombe, majani ya muhogo, sufuria tele. Alikula kidogo. Mabaki aliyafunga kwenye majani akayaingiza ndani. Siku moja nilimtania kwamba mfiwa ana njaa ya wachimba dhahabu. Alicheka, akasema huzuni inamfanya aamke alfajiri akitafuta chakula. Nilimhurumia. Nikawa namletea na sehemu ya wali wangu, naye aliupokea kwa mikono miwili na kunitazama kwa namna ambayo sikuielewa, macho yamejaa. Nilidhani ni shukrani yake mwenyewe.

Mambo madogo yalianza kunisumbua. Kutoka mistari yangu ya chini niliweza kuona paa za juu, na siku nyingine moshi ulitoka katika nyumba ambayo zamu yake ilikuwa jana. Mara moja nilihisi harufu ya mafuta ya nyonyo na majani yaliyopondwa, harufu ya mtu anayekandwa, ikishuka na upepo kutoka namba thelathini. Chungu cha maji alichokijaza Apendeki asubuhi mbele yangu kilikuwa nusu adhuhuri. Nilipomuuliza alisema kina ufa. Ilipita wiki, chungu kile kikiwa kilekile, na siku nyingine kilikuwa kimejaa pomoni tangu alfajiri bila kupungua tone.

Kisha Apendeki akashikwa na homa. Alilala barazani kwake anatetemeka, nguo mbili juu yake, na alipoona nimechukua kigae cha moto kuelekea mistari ya juu alijaribu kuinuka akaanguka. Alisema niache, paa haziwezi kuharibika kwa siku moja. Nikamwambia atulie, mimi ni mdogo wake, nitafanya zamu zake zote. Nilipiga hodi namba kumi na saba, kumi na nane, kumi na tisa, nikawasha. Jua lilikuwa kali, ardhi imefagiwa, kimya hata ndege hakusikika. Pale namba ishirini na moja sauti yangu ilikuwa imechoka kidogo, sikuipaza. Nikasema hodi kama mtu anavyosema kwa jirani.

“Karibu,” ikajibu sauti ya mwanamume kutoka ndani.

Ilikuwa sauti ya mtu aliyeamshwa usingizini, sauti ya nyumbani, bila haraka. Ilisemwa kama watu wetu wote wanavyoisema, kabla akili haijafika. Halafu kukawa kimya, kimya cha mtu aliyezuia pumzi. Kigae kikaniponyoka kikavunjika, makaa yakatawanyika mlangoni. Sikuusukuma mlango ule. Nilikimbia mpaka ofisini kwa Ramazani, na nilipofika sikuweza kusema chochote ila namba.

Tuliporudi naye nyumba ilikuwa tupu. Jivu la jikoni lilikuwa na joto. Ramazani akagusa, akasema ni moto nilioudondosha mwenyewe. Nikamwonyesha kwamba makaa yangu yako nje. Akasema, “Ulisikia mupepo,” akafunga mlango. Lakini mimi nilikuwa nimeona kitu kingine nilipokuwa nakimbia kurudi, mbele yake kidogo: mstari katika vumbi safi la uwanja, kutoka mlango wa nyuma wa ishirini na moja kuelekea nyumba iliyofuata, kama mtu ameburuta gunia. Nikageuka kumwonyesha. Apendeki alikuwa pale, amejishika ukutani kwa mkono mmoja, jasho linamtiririka, anafagia. Homa imemwangusha asubuhi, na sasa anafagia. Hakunitazama. Alifagia mpaka mstari ule ukaisha, kisha akaketi chini papo hapo.

Sasa kuna vijana wa Salamabila wanaotaka Kalubanda ihifadhiwe. Wamenijia mara mbili, wamekaa kwa heshima, wameniuliza nyumba zilikuwa ngapi na ofisi ilikuwa wapi, maana wachimbaji wa siku hizi wanachimba mpaka chini ya kuta na karibu kila kitu kimekwisha. Niliwaeleza mistari minne, chokaa, lami, reli. Waliandika. Wakaniuliza kama kulikuwa na mashetani, kwa sababu ndivyo inavyosemwa, kwamba ukipita pale mchana nyumba zinaitika. Nilijua maneno hayo yalianzia kwa nani. Yalianzia kwangu. Na ninapojiuliza leo kama mimi mwenyewe niliamini, lazima nijibu hivi: siku mbili za kwanza niliamini kabisa. Siku ya tatu nilikuwa nachuma sombe nyuma ya mistari ya juu, nikasikia mtu akipiga chafya ndani ya namba ishirini na nane, chafya mbili, na akijizuia ya tatu. Wafu hawapigi chafya. Nililijua hilo nikiwa nimeshika majani, na nililifunika haraka, kwa kuwa kama aliyemo ndani si mfu basi ni nani, na mimi ni mke wa mlinzi, na kujua ni kubaya kuliko kuogopa. Nikachagua kuogopa.

Na kulikuwa na jambo jingine, baya zaidi kwa sababu ni dogo. Nilikuwa mpweke. Nilitaka watu. Nilitaka sauti za wanawake jikoni, mtu wa kunisifia wali, mtoto wa kulia. Eda ya Apendeki ilikuwa inakaribia kwisha. Siku maji yalipoingia kila mtu aliijua, nami tangu nifike nilikuwa nachora mstari wa makaa kila siku kwenye ukuta wa jiko langu. Eda ikiisha wanawake huja, humwosha mjane, humvisha nguo mpya, humfukiza udi, humtoa nje. Nikamwambia Ramazani kwamba nyumba zile zina wenyewe wasiotulia, na dawa ni hitima ya wale saba, isomwe palepale Kalubanda, siku ileile ya kumtoa Apendeki eda. Aje mwalimu kutoka Kabambare. Waje wajane, waje wazazi, aje kapita, msimamizi wao wa shimoni. Nyumba za kulala tunazo, thelathini na mbili, zimefagiwa na kukaushwa. Ramazani alilipenda sana wazo hilo. Nadhani na yeye alikuwa amechoka kugongea reli wasiokuja. Habari ikaenda na lori.

Nilimpelekea Apendeki habari hizo kama zawadi. Alikuwa anapepeta unga. Akauweka ungo chini.

“Hesabu yako imeruka,” akasema. “Iko bado siku kumi.”

Nikamwambia haijaruka. Nikamshika mkono nikampeleka jikoni kwangu nikamwonyesha ukuta, mistari yote, na nikamhesabia kwa kidole na siku zile za kabla sijafika. Hakutazama ukuta. Alinitazama mimi.

“Mudogo wangu, nipatie siku kumi tu. Uwaambie ulikosea. Sitakuomba kitu ingine mpaka nikufe.”

“Siku kumi za nini, yaya?”

Alifungua mdomo. Nakumbuka hasa, alifungua mdomo, na macho yake yakaenda kwenye koti la kazi la Ramazani lililoning’inia nyuma ya mlango wangu. Akaufunga. Nami nikamwambia, kwa sauti ya binti wa Kasongo anayejua dini yake kuliko watu wa vijijini, kwamba mjane haruhusiwi kujiongezea eda hata siku moja kwa sababu ya kupenda huzuni. Nilisema hivyo. Angeniambia siri yake, ningeitunza, naapa. Lakini sikuwa nimempa sababu ya kujua hilo, na kusema kweli chafya zile mbili zilikuwa zimeshaniambia nusu yake.

Wageni walikuja na malori mawili wakati mvua imeshika mlima. Niligawa nyumba mimi mwenyewe, kwa furaha, nikiita namba. Nilifungua milango yote, ya chini na ya juu. Wengine walirudi katika nyumba zao wenyewe, na yule mama wa namba tisa aliweka kiganja chake juu ya alama yake ya mawese akalia. Kambi ikajaa. Nilizunguka kutoka jiko hadi jiko nikisikia maneno, na kwa muda nilikuwa na raha isiyo na kifani. Katika kuchambua mchele, mama mmoja mzee, ambaye mwanawe alikuwa miongoni mwa saba, alisema kwamba maji hayakuja yenyewe. Kuna mtu aliyetoa nguzo za miti katika shimo la chini siku moja kabla. Kapita, aliyekuwa amekaa karibu akinywa chai, akasema ndiyo, ilifanywa na mmoja wa wale saba bila ruhusa, na mtu huyo angekuwa hai, yeye kapita angemfunga kwa mkono wake na kumpeleka gerezani Kasongo. Yule mama akasema gereza ni la nini, tungempata tungemwachia Mungu hapahapa, sisi wenye watoto. Wanawake wakaitikia. Apendeki alikuwa kati yao amevaa kaniki yake, anachambua mchele punje kwa punje, na hakuinua kichwa.

Tulimwosha alasiri ile, tukamvisha kanga mpya niliyomwagizia mimi. Nilimpaka wanja mwenyewe. Kisha hitima ikasomwa katika uwanja, chini ya turubai, mvua ikipiga juu hata mwalimu ikabidi apaze sauti. Alitaja majina saba. Kwa kila jina watu walisema amina. Alipofika kwa Salumu nilimtazama Apendeki, kama kila mtu alivyomtazama, kwa kuwa ndiye mwenye siku. Yeye alikuwa anatazama mlimani, mahali maji mekundu yalipokuwa yanashuka kwa mistari. Kukawa na nafasi ndogo, watu wakimngoja. Akasema amina. Akaisema sawasawa, kwa sauti ya kutosha. Na nikajua. Sikuweza tena kufunika kitu. Nikahesabu nyumba kichwani mwangu, kila moja na wageni wake niliowapanga mimi, na sikupata hata moja iliyobaki tupu.

Alfajiri, mvua imekwisha, alikuja kuniita. Hakupiga hodi. Alisema twende, tukapanda mlima, yeye mbele mimi nyuma, kanga yake mpya imelowa mpaka magotini. Alinieleza akitembea, bila kugeuka. Kapita ndiye aliyemwamuru Salumu atoe nguzo zile zikatumike shimo jingine, lakini lawama ingemwangukia Salumu. Maji yalipoingia, Salumu alikuwa wa kwanza karibu na tundu la hewa, akajivuta juu na mguu uliovunjika, akatokea upande wa pili wa mlima, na Apendeki akampata kesho yake alipokwenda kulia pale peke yake. Akamrudisha kambini wakati watu wako kwenye mazishi yasiyo na maiti. Moshi katika nyumba zote lilikuwa wazo lake yeye Apendeki, ndiye aliyemweleza mzungu kuhusu nyasi na wadudu, kwa kuwa nyumba moja yenye moshi kati ya tupu ingeonekana, na nyumba moja kati ya thelathini na mbili haionekani. Mguu uliunga vibaya, ikabidi uvunjwe tena. Zilikuwa zimebaki siku kumi aweze kuukanyaga, kisha wangekwenda kwa miguu, wavuke milima mpaka Baraka, ziwani, ambako hakuna anayewajua. Usiku mmoja kabla ya malori ya wageni kufika, Salumu alitambaa mpaka kwenye tundu lile la hewa, akashuka kwenye ngazi ya mwamba iliyomo ndani, akasema atakaa siku mbili.

Tundu lilikuwa limebadilika. Udongo wa mdomoni ulikuwa umeporomoka, mpya, mwekundu, na chini yake kulikuwa na maji yamesimama kimya, karibu kiasi kwamba ningeyagusa. Apendeki akalala kifudifudi akaita jina lake. Aliita kwa sauti ndogo, kwa sababu ya wageni. Aliita mara nyingi, kisha akanyamaza na kuingiza mkono majini mpaka begani, akautoa, akauingiza tena. Mimi nilikuwa nimepiga magoti nyuma yake, na kilio kikaanza kunitoka, nisingeweza kukizuia. Akageuka akaniziba mdomo kwa kiganja chenye tope.

“Usilie,” akasema. “Watauliza uko unamulilia nani.”

Alinishika hivyo mpaka nikatulia. Kisha akakusanya majani akajifuta mkono, akanifuta na mimi uso, taratibu, kila kidole, akaitengeneza kanga yake. Tukashuka. Wageni walikuwa wameamka, malori yanapakiwa, reli inagongwa, na safari hii walitoka watu kila mlango. Wanawake walimzunguka Apendeki kumuaga. Walisema ametoka eda vizuri, amependeza, Mungu atampa mwingine. Yeye aliwaitikia mmoja mmoja, akawashukuru kwa kuja. Yule mama mzee akanishika mikono yote miwili kabla ya kupanda lori, akaniambia nimezaliwa na watu, kwamba bila mimi hakuna ambaye angewakumbuka wale saba. Na wote waliokuwa pale, Apendeki akiwa kati yao, wakaniambia asante.